Gari la Kulala Mlangoni kwa Mkwe

Everline alikata tiketi za kumrudisha bintiye Whitney nyumbani, mjini Katy, Texas, kabla hata hajamwambia kwamba anakwenda kumwona. Zilikuwa mbili, moja ya Whitney na nyingine ya mtoto mchanga ambaye angepakatwa njia nzima. Alizichapisha kazini wakati wa mapumziko, akazikunja mara nne, akazitia katika mfuko wa ndani wa mkoba wake, pale anapoweka Biblia ndogo na vidonge vya presha. Mumewe Dedan hakuambiwa. Dedan ni mtu mwema, lakini siri ukimpa asubuhi, saa sita mchana iko kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Whitney alikuwa ameolewa miaka miwili, huko Tallinn, mji mkuu wa Estonia, alikokwenda kusomea kompyuta na kumpata kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu, jina lake Taavi. Harusi ilifungwa katika ofisi ya serikali wakati Everline ametoka kupasuliwa goti, kwa hiyo aliitazama kwenye simu akiwa amelala kitandani. Na katika miaka hiyo miwili hakuwahi kusemezana na mkwe wake hata neno moja. Si kwamba waligombana, kwa maana watu wasiosema hawana la kugombania. Kila Jumapili baada ya ibada Whitney alipiga simu ya video, na uso wa Everline ukitokea tu upande ule, kijana anainuka na kuingia mitini. Everline aliufahamu mgongo wake, na kiwiko chake, na siku moja aliona soksi. Dedan akishika simu, kijana anarudi, anaketi, wanaongea mpira. Aliyekimbiwa ni mama peke yake.

Sasa, Everline ni nesi. Ana miaka ishirini na miwili katika wodi ya wazazi, upande wa magharibi wa Houston, na ameshaona waume wa kila aina. Ameona wanaolia, wanaozimia, wanaokula chakula cha mgonjwa. Ameona pia wale wachache wasiotaka mama wa mke asogee karibu, na hao kwa kawaida wana sababu. Mwanamume anayemkwepa mama mkwe ambaye ni nesi ana kitu asichotaka nesi akione. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na tangu mtoto azaliwe alikuwa akijiambia kila usiku. Angekwenda aone kwa macho yake. Akikuta alama moja tu mwilini mwa Whitney, au neno moja la uoga, basi binti anapanda ndege.

Shida ilikuwa malazi. Everline ni Mbukusu wa Kimilili, na kwa desturi ya kwao mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake, hilo halina mjadala hata ukiishi Katy katika nyumba ya vyumba vinne yenye kinyunyizio cha majani. Dedan alitaja hoteli.

"Hoteli iko mbali na mlango," Everline akamjibu. "Kuna magari ya kukodi yenye kitanda na jiko ndani. Tutalipaki hapo nje kwao."

"Tulale kwa gari? Mimi na hii back yangu?"

"Ndiyo. Kwa gari."

Kazini alimweleza Généreuse, mwenzake wa wodi, mama wa Bukavu anayecheka kwanza halafu anauliza.

"Gari ya kulala ndani?" Généreuse akashangaa. "Pa baridi vile? Bintiako hana chambre ya wageni?"

"Anacho. Lakini ni kwa mkwe."

Kicheko kikakatika. "Ah, kwa mukwe! Apana, apana. Ata sisi kule haiwezekane. Kamata gari, dada. Beba na blanketi mingi."

Kwa hiyo wakaenda, mwezi wa Oktoba.

Mvua iliwapokea uwanjani na haikuwaacha. Mvua ya Houston Everline anaijua: inakuja kwa hasira, inajaza barabara, inazamisha gari la mtu, kisha jua linatoka kana kwamba hakuna lililotokea. Hii ya Tallinn ilikuwa nyembamba na haikuwa na haraka, na kufikia siku ya pili ilikuwa imeingia hata kwenye chumvi. Dedan, anayekula maili arobaini kila asubuhi kwenye barabara ya I-10 bila kupepesa jicho, aliliendesha lile gari juu ya mawe ya barabara za kule kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Kitanda kilikuwa cha watu wawili wanaopatana. Mmoja akijigeuza, sharti na mwingine ageuke. Dirisha la paani lilivuja upande wa Dedan, wakalitegea sufuria.

Nyumba ya Whitney ilikuwa ya mbao, ya ghorofa mbili, imepakwa rangi ya kijani, katika mtaa wa Kalamaja wenye nyumba za aina hiyo tu. Walipaki mbele ya mlango kabisa. Whitney alitoka mbio bila viatu, amembeba mtoto, na Everline akawakumbatia wote wawili pale pale mvuani. Hata hivyo jicho la unesi halikulala. Aliangalia shingo, mikono, namna binti anavyotembea. Amekonda kidogo, lakini nani asiyekonda na mtoto wa wiki saba.

"Mume wako yuko wapi?"

"He just stepped out, Mum."

Jikoni palikuwa na kikombe cha kahawa kinachotoa moshi, na mlango wa nyuma ulikuwa haujafungika vizuri.

Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Everline akivuka kizingiti cha mbele, mlango wa nyuma unalia. Alimwogesha mjukuu wake kwenye beseni, kazi aliyowafanyia watoto wa watu maelfu, na kupitia dirishani akamwona mkwe wake kwa mara ya kwanza mzimamzima. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha tramu, koti la njano, mvua inamshukia. Tramu ikaja, ikaenda. Ikaja nyingine. Hakupanda hata moja. Everline alipotoka kurudi garini, kijana naye akaanza kurudi nyumbani.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kijana huyo na Dedan walikuwa marafiki. Asubuhi Everline akiwa ndani, Taavi anazunguka hadi kwenye gari, anamsaidia mzee kujaza maji, wanacheka kwa sauti. Jana alimletea samaki aliyekaushwa kwa moshi.

"Kijana mzuri sana," Dedan alisema, akitafuna.

"Mbona kwako anakuja na mimi ananikimbia?"

Dedan alitafuna yule samaki muda mrefu kuliko samaki alivyohitaji. "Labda ni mwenye haya," akasema mwishowe, akaenda kumwaga sufuria ya maji ya mvua ambayo haikuwa imejaa.

Everline alimjaribu Whitney pia. Walikuwa wakikunja nguo za mtoto.

"Whitney, huyu mtu anakutunza?"

"Mum! Of course."

"Hakupigi?"

"What? No!" Whitney alicheka, halafu akaona mama yake hacheki. "Taavi ndiye anaamka usiku wote. Hata jina la mtoto ni yeye alichagua. Nafula. He looked it up, like, msichana wa kuzaliwa wakati wa mvua. And it was raining."

"Sasa mbona hataki kuniona?"

"He's being respectful, Mum."

Heshima gani ya kutoka mbio? Everline hakuuliza kwa sauti, kwa sababu mtoto alianza kulia na maziwa yakaanza kumtoka Whitney, lakini jibu lile lilimkaa rohoni. Alishawasikia wake wa namna hiyo wodini. Wote husema mume ni mzuri, amechoka tu, ana heshima sana.

Usiku ule, sufuria ikidondokewa tone kwa tone, aliamua. Kesho jioni atampa Whitney tiketi.

Siku ya nne Whitney aliwafukuza nyumbani kwa upole. Wameruka bahari nzima, alisema, wasirudi Texas bila kuuona mji wa kale. Wakaenda kwa miguu, goti la Everline likinung'unika kwenye mawe yenye utelezi. Ulikuwa mji mzuri, hata yeye alikubali, ingawa hakuwa na moyo wa kuutazama: ukuta mnene, minara ya duara yenye kofia nyekundu, vichochoro vya kupita mtu na mbuzi wake. Katika barabara moja Dedan alisimama ghafla mbele ya mlango wa rangi ya kijani na dhahabu. Juu yake kulikuwa na kichwa cha mtu mweusi kilichochongwa, amefunga kitambaa kichwani.

"Everline! Huyu alifika kabla yetu!"

Kibao kilieleza kwamba ni mtakatifu wa chama cha wafanyabiashara wa zamani. Dedan alitaka picha nyingi. Everline alimpiga tatu, akamrudishia simu, akamwacha hapo akijipiga mwenyewe. Mvua ilikuwa imezidi, akatafuta mahali pa kujikinga.

Alipata uwanja mkubwa na jengo la baraza la mji la karne nyingi zilizopita, lenye safu ya nguzo nene za mawe mbele yake na matao juu. Watalii walikuwa wamejibanza chini ya matao hayo, na kwenye nguzo ya mwisho, mtu mmoja wa koti la njano alikuwa ameketi juu ya jiwe, anakula mkate, chupa ya chai pembeni. Kumbe leo alikuwa amekuja kujificha huku, akidhani mama mkwe yuko nyumbani na beseni kama siku zote.

Taavi akainua macho. Mkate ukamkwama kooni.

Alisimama, akazunguka nyuma ya nguzo.

Kwa siku nne Everline alikuwa amejizuia, na sasa subira ikamwishia. Akaenda moja kwa moja, mkono wa kushoto ndani ya mkoba, umeshika zile karatasi. Alipofika upande huu wa nguzo, kijana alikuwa ameshahamia upande ule. Akazunguka kulia, na yeye akazunguka. Akabadili, akaenda kushoto, goti likapiga kelele, na koti la njano likateleza tena nje ya macho yake. Familia moja ya watalii iliacha kula ili itazame. Mama wa miaka hamsini na minane, muuguzi mkuu wa zamu, anamfukuza mzungu kuzunguka nguzo.

"Taavi!" alifoka kwa Kiingereza. "Mimi ni mama yake Whitney! Mimi si polisi!"

Akachungulia.

Kijana alikuwa ameishiwa pa kwenda. Alikuwa amevuta kofia ya koti hadi puani, uso ameuelekeza ukutani, kichwa ameinamisha, mikono miwili ameishikanisha nyuma. Hakutikisika. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka mifereji ya paa, ile yenye vichwa vya majoka, na yalikuwa yanamwangukia begani. Angesogea hatua moja yasingempata, lakini hatua hiyo ingemleta karibu na Everline.

Everline akasimama.

Usimamaji ule aliujua. Aliwahi kuuona Grand Prairie, mji mwingine wa Texas, Whitney alipozaliwa, wakati wao wenyewe walikuwa wageni wapya katika nyumba ya kupanga ya chumba kimoja. Mama yake Everline alitoka Kimilili kuja kumsaidia, akakataa katakata kulala pale, akalala miezi mitatu kwa jirani yao Moraa, Mkisii ambaye alielewa bila kuelezwa. Kila asubuhi mama alivuka maegesho na leso yake begani kuja kumwogesha Whitney, na kila asubuhi Dedan, aliyekuwa akifanya kazi ya ghala na kurudi alfajiri, aliruka kile kiukuta cha kibaraza na kwenda kujificha nyuma ya pipa kubwa la taka. Kofia puani, uso ukutani, mikono nyuma. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta pale na hakutoka. Everline na mama yake walimwona kupitia dirisha la jikoni, Everline akacheka hadi akashika meza. Mama hakucheka. "Huyu amelelewa," alisema tu, akaendelea kummwagia mtoto maji.

Na kisha uwanja wa ndege wa DFW, siku ya mama kurudi. Dedan alikuwa amesimama mbali, ameangalia upande mwingine, na mama akamwendea na kumnyoshea mkono. Dedan akaushika. Toka siku ile alikuwa huru kumsalimia, ingawa hakupata nafasi tena, kwa sababu mama alifariki mwaka uliofuata.

Miaka ishirini na saba. Everline alikuwa amesahau kabisa. Kwamba mzungu wa Tallinn angeweza kuwa anafanya jambo hilo halikumpitia akilini hata mara moja.

Dedan alitokea, simu mkononi, koti limelowa, akamwona mkewe, akaiona nguzo, na koti la njano nyuma yake. Uso ukambadilika.

"Dedan," Everline alisema polepole. "Nani alimfundisha?"

"Sasa Everline, wewe sikiliza kwanza..."

"Nani?"

"Ni mimi." Dedan akakohoa. "Ile siku alipiga simu kuniomba Whitney. Aliniuliza, as a son-in-law, huko kwenu natakiwa kufanya nini. Nikamwambia, mama mkwe humwangalii, humsalimii, akiingia mbele wewe unatoka nyuma. Mpaka yeye mwenyewe akufungulie."

"Na ukamwambia ninafunguaje?"

"Game ilikuwa inaanza. Nikasema nitampigia."

"Ukampigia?"

Dedan akaanza kuipangusa simu yake maji ya mvua.

"Miaka miwili, Dedan!"

"Nilisahau! Haki ya Mungu nilisahau. Nilikumbuka juzi, nilipoona hiyo stori ya tramu."

"Juzi! Na ukanyamaza?"

"Ningesema saa ngapi? Juzi ulikuwa unakata mkate. Ulikuwa na kisu."

Kungekuwa na mengi ya kumwambia Dedan, na Everline aliyaweka akiba. Safari ya kurudi ilikuwa ya saa kumi na sita na Dedan hangekuwa na mlango wa nyuma. Kwa sasa aliona aibu. Mwanamume huyu alikuwa amesimama mvuani siku nne, na mbele ya simu miaka miwili, akimpa heshima ambayo hakuna kijana wa Kimilili wa siku hizi angempa, wala yeye mwenyewe hakuikumbuka alipoiona. Na yeye alimjia na tiketi.

Hakuzunguka tena. Alisogea hadi kwenye nguzo, akaegemeza mgongo wake juu ya jiwe baridi, upande wa pili wa Taavi, uso ameuelekeza uwanjani kama inavyotakiwa. Kisha akaunyosha mkono wa kulia nyuma, kuizunguka nguzo, kiganja wazi, akangoja.

Hakuna kilichotokea. Mvua ilinyesha. Everline akawaza kwamba labda kijana hajui maana yake, na angejuaje, ikiwa mwalimu wake alikwenda kutazama mpira? Mkono ukaanza kumchoka. Hakuurudisha.

Kisha akahisi vidole. Vilikuwa baridi kama vya mgonjwa anayetoka upasuaji, vimelowa, na vilimgusa kwanza kwa ncha, kama vinavyouliza, halafu vikashika.

Nyuma ya nguzo mtu alisafisha koo. Sauti ilitoka nzito na ya taratibu, kila neno likiwekwa chini kivyake, ya mtu aliyekuwa ameifanyia mazoezi sentensi moja kwa muda mrefu sana akisubiri ruhusa ya kuisema.

"Habari ya safari, mama?"

"Njema," Everline alisema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa alijua haikuwa njema na alijua alikuja kufanya nini. Mkono wa kushoto ulikuwa bado ndani ya mkoba, umezishika zile karatasi. Akaziachia zianguke hadi chini kabisa, chini ya Biblia. Kisha akautoa mkono huo nao, akageuka, akamshika mkwe wake kwa yote miwili.